Daraja la Tatu la Kapteni Thackrey

Sehemu ya Tisa: Glasi Tatu

Msomaji, wewe umekaa na swali lile siku saba. Zuzana Hrabko alikaa nalo kwa muda wa pumzi mbili tu, na zilitosha kumzeesha.

Kama hukuwa nasi, hali ilikuwa hivi. Tupo katika chumba cha chini cha kituo cha polisi, mji wa chuma wa Harrow's Bend, kando ya mto Monongahela. Ni Julai ya 1909, Jumanne, saa sita mchana. Nje jua linapasua mawe. Ndani jiko la makaa linawaka kwa makusudi, na mlango umefungwa. Mbele ya jiko, amefungwa kwenye kiti, ni Ondrej Kubala, mfanyakazi wa tanuru. Tangu Jumapili asubuhi hajalala wala hajanywa. Chakula chake ni samaki wa chumvi. Wanamtaka akiri kwamba ndiye aliyempasua kichwa nyapara Pugh kwa nondo.

Ondrej hajui Kiingereza. Ndiyo sababu mjane Zuzana, mkalimani wa kituo, ameketi kando yake siku zote hizo, akigeuza maswali kuwa Kislovakia na vilio kuwa Kiingereza.

Na Ondrej, badala ya kumjibu Kapteni, alikuwa ameinua uso uliovimba, akamwambia Zuzana kwa lugha yao: "Zuzka, niliona. Ni mdogo wako, Matej."

"Amesemaje?" aliuliza Kapteni Thackrey.

Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili.

"Anaomba maji," alisema Zuzana.

"Maneno yote yale, maji tu?"

"Ameomba kwa adabu, Kapteni. Kwetu adabu ina maneno mengi."

Sajini Boyle, jitu la Kiayalandi lenye shingo kama ya fahali, aliangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alikuwa mtu mdogo, msafi, mwenye sauti ya mhubiri, na kidoleni alivaa pete yenye alama ya bikari. Alijimiminia maji kutoka kwenye jagi, akanywa nusu, nusu akaimwaga juu ya jiko. Mvuke ukamrukia Ondrej usoni. Mtu wa watu akatoa ulimi, akaulamba ule mvuke.

Zuzana alitazama pembeni. Pembeni kulikuwa na karani tu, Bwana Pell, kijana mwembamba ambaye tangu Jumapili hakuna aliyesikia sauti yake. Anaandika, anatafuna penseli, anaandika.

"Kapteni, hii si haki," alisema Zuzana. "Mtu huulizwa mahakamani."

"Mahakamani ataulizwa kwa upole. Hapa ni daraja la tatu."

Neno lile! Miaka mitano Zuzana alikuwa akilisikia kituoni hapo, na hakuwahi kulipatia maana. Mwanzo alidhani ni ngazi, kwamba wafungwa hupandishwa ghorofa ya tatu. Kumbe kituo chenyewe kina ghorofa mbili.

"Ni daraja gani hilo?" aliuliza. Alitaka muda tu. Kila dakika Kapteni akiongea, Boyle hapigi.

"Mwelezee, Boyle."

"Rahisi, mama," alisema Boyle, akizungusha kipande cha mpira mkononi. "Kukamatwa, daraja la kwanza. Kutiwa selo, la pili. Kuulizwa," akamshushia Ondrej pigo moja begani, "la tatu. Mpira hauachi alama. Mtoto wa shule angeelewa."

"Boyle ni Mkatoliki, hajui mambo," alisema Kapteni, akiipapasa pete yake. "Polisi tumeliazima neno kwa Frimasoni, chama cha siri ambacho Wakatoliki hawaingii. Mtu akiingia kwenye chama hupita madaraja mawili kirahisi tu, maneno machache na kupeana mikono. La tatu ndilo lenye kazi. Anafumbwa macho. Anasukumwa huku na huku, anaulizwa maswali, hajui nani anauliza wala kwa nini. Akitoka hapo ametoka fundi kamili."

"Majigambo hayo," alinung'unika Boyle. "Mimi niliambiwa na daktari: ukiungua ngozi ya juu ni daraja la kwanza, ukifika mfupani ni la tatu."

"Basi sogeza kiti chake karibu na jiko, tuone daktari wako alikuwa mkweli kiasi gani."

Kiti kikasogezwa. Suruali ya Ondrej ikaanza kutoa moshi gotini.

"Muulize," alisema Kapteni, "nondo aliitoa wapi."

Zuzana akamwinamia. Na hapa, msomaji, usimhukumu upesi. Jumamosi ile Matej aliingia jikoni kwake na shati limelowa damu, akasema: "Dada, nimemlipia shemeji." Maana Pugh ndiye aliyemtuma Janko, mume wa Zuzana, kwenye tanuru lililojulikana kuwa na ufa, na kilichorudi cha Janko kilitosha kwenye ndoo. Zuzana alilichoma lile shati. Akamficha mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Kesho yake akaitwa kazini, akakuta aliyekamatwa ni Ondrej, mpangaji wake, ambaye kosa lake lilikuwa kuikuta maiti na kupiga kelele za kuomba msaada.

Alijiambia watamwachia jioni. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita.

Sasa badala ya kuuliza habari za nondo, alimuuliza kwa Kislovakia: "Umemwambia nani mwingine?"

Ondrej alitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Swali lako la kwanza ndilo hilo, Zuzka?"

"Jibu. Wanatutazama."

"Sijamwambia mtu. Pasaka nilikuomba nikuoe, ukasema unafikiria. Nikaona haifai kumuuza shemeji kabla ya harusi."

Mtu anaungua goti, naye anatania.

"Vumilia leo tu," alimwambia. "Bila sahihi yako hawana kitu. Watakuachia."

"Wataniachia, au watanizika?"

"Vumilia, nakuomba."

"Na Matej? Yuko hai? Amekula?"

"Yuko salama. Ondrej, ukitoka humu nitakupikia mwenyewe, nitakuosha vidonda mwenyewe. Jibu la Pasaka utalipata."

Kisha akainuka, akajipangusa jasho, akasema kwa Kiingereza: "Anasema hajui nondo yoyote."

Kapteni Thackrey alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyeridhika na darasa.

"Bwana Pell, umeandika?"

"Yote, Kapteni."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti ya karani. Halafu akamgeukia Zuzana, na yaliyomtoka kinywani yalikuwa Kislovakia safi, cha kwao kabisa, cha vijiji vya mashariki:

"Nisamehe, mama. Mimi nilinyonyeshwa na mwanamke wa Prešov, huko kwenu."

Zuzana alishika ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto.

Pell akaanza kusoma kwa Kiingereza, bila kupanda wala kushuka, kama asomaye orodha ya nguo za dobi. Zuzka, niliona, ni mdogo wako Matej. Umemwambia nani mwingine. Haifai kumuuza shemeji. Yuko salama. Siku tatu za minong'ono, ukurasa baada ya ukurasa. Hata sala aliyoisema Zuzana chini ya pumzi, Jumatatu, ilikuwa imeandikwa.

"Boyle alikuambia nusu, mama," alisema Kapteni. "Nami nikakuambia nusu. Nilisema anayepandishwa daraja la tatu hufumbwa macho. Mtazame Ondrej. Macho yake yako wazi muda wote, anajua kila kinachompata. Humu ndani aliyefumbwa macho ni mmoja tu."

Zuzana akamgeukia Ondrej.

"Huyu sikumhitaji. Mtu aliyeua haiti watu waje wamwone. Nilimhitaji mkalimani wake. Wanawake wa Kislovakia nawajua: ukiwapiga, wanafunga mdomo na kumwita Bikira Maria. Lakini ukimpiga mwingine mbele yao, siku ya tatu wanaanza kuongea. Sasa. Matej yuko wapi?"

"Sijui."

"Aha." Kapteni akajaza glasi pomoni, akamtia Zuzana mkononi. Ilikuwa baridi. Ondrej aliigeukia kama alizeti inavyoligeukia jua. "Ukiniambia alipo mdogo wako, mnyweshe. Ukikataa, imwage sakafuni. Boyle hataimwaga, wala mimi. Utaimwaga wewe."

"Mimi siwezi..."

"Basi sema."

"Zuzka," alisema Ondrej. Hakuwa na utani tena. "Zuzka, usimwage. Nakuomba kwa Mungu aliye hai. Tone moja tu kwanza."

Alimwona Matej wa miaka minne, amelala begani mwake kwenye meli ya kuja Amerika, ananuka tangawizi na matapishi. Akainamisha glasi.

Maji yalipiga sakafu, yakaenea, yakafika kwenye viatu vya Ondrej. Ondrej akajaribu kuinama na kiti chake. Akashindwa. Akatoa mlio ambao Zuzana hakuwahi kuusikia kwa mtu.

"Ya kwanza," alisema Kapteni. Akajaza tena. "Yuko wapi?"

"Kapteni, una watoto wewe?"

"Wawili. Nawapenda mno. Yuko wapi?"

Ondrej sasa alikuwa hamwombi Mungu. Alikuwa anamwomba yeye tu. Alimtajia supu ya kabichi aliyowapikia wapangaji wenzake majira ya baridi. Alimtajia mlango wa ghala alioutengeneza kwa mikono yake, bila kuombwa. Alimtajia jina la mama yake. Kila alichowahi kumfanyia kwa miaka mitatu alikiweka mbele yake, kimoja kimoja, na Pell akaandika.

Zuzana akafumba macho. Akamwaga.

Alipoyafumbua, Ondrej alikuwa kimya. Kichwa chake kilikuwa kimelala kifuani, na ngozi ya shingo imekuwa na rangi ya nta. Boyle akamshika nywele, akakiinua, akakiachia. Kikaanguka.

"Kapteni," alisema Boyle, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu, "huyu anaondoka."

"Basi ataondoka. Tutaandika kwamba alikiri, akafa kwa majuto." Kapteni alijaza glasi ya tatu, akaiweka mkononi mwa Zuzana kwa upole mkubwa. "Hii ndiyo ya mwisho, mama. Baada ya hapa hakuna wa kumnywesha."

Kuna watu husema wangejua la kufanya. Hao hawajawahi kuishika glasi ile.

"Kwa mwokaji Petrash," alisema Zuzana. "Darini, nyuma ya magunia ya unga."

Boyle alikwisha fika mlangoni.

Zuzana akapiga magoti, akaipeleka glasi mdomoni mwa Ondrej. Tone la kwanza lilimwagikia kidevuni. La pili likaingia. Kisha koo likaanza kufanya kazi lenyewe, na Ondrej akanywa hadi chini, na alipomaliza akafumbua macho, akamtazama Zuzana kutoka karibu kabisa. Hakushukuru.

"Ya tatu," alisema. "Nimesubiri mpaka ya tatu."

"Ni mdogo wangu, Ondrej."

"Najua. Mimi ni mpangaji."

Nusu saa haikupita, zikasikika buti ngazini. Boyle akamsukuma ndani Matej, kijana mrefu wa miaka ishirini na mitatu, mweupe wa unga kuanzia nywele hadi viatu, kama maiti iliyotiwa chokaa. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyempigia kelele. Lakini aliliona jiko. Aliiona midomo ya Ondrej, na tundu lililoungua kwenye suruali yake. Aliuona mpira. Akarudi nyuma hatua moja, na unga ukadondoka sakafuni.

"Kaa, kijana," alisema Kapteni. "Bado hatujaanza."

"Siyo mimi!" alipiga kelele Matej kwa kile Kiingereza chake cha tanuruni. "Siyo mimi, bwana! Yeye! Dada!"

Zuzana alidhani amesikia vibaya. Yeye, ambaye kazi yake ni kusikia!

Matej sasa alikuwa akimwaga Kislovakia kama gunia lililotoboka, na Pell akimfuata neno kwa neno kwa Kiingereza. Pugh alimuua mume wa dada. Dada aliapa kanisani atalipa. Jumamosi alitoka na nondo chini ya aproni. Mimi nilitaka kusema, akanificha kwa Petrash ili nisiseme. Nguo zenye damu alizichoma, nendeni mkaangalie jivu.

"Matej," alisema Zuzana. "Nimekulea mimi."

Matej hakumtazama. Alizungumza na sakafu, haraka, kwa sauti ya chini, kana kwamba wako wawili tu jikoni. "Wewe ni mwanamke, dada. Hawanyongi wanawake. Watakufunga miaka michache. Mimi watanining'iniza. Elewa basi. Mambo yote wewe huwa unaelewa."

Pell akalitafsiri na hilo, akaliandika, lakini penseli yake ilisita.

"Bwana Pell," alisema Kapteni, "hayo ya mwisho yaache. Ni mambo ya kifamilia."

Ndipo Zuzana alipoelewa. "Umesikia mwenyewe! Umesikia anavyosema! Unajua kabisa aliyeua ni nani!"

"Mimi najua nina majina mawili na sahihi hakuna hata moja. Daraja la tatu halitafuti ukweli, mama. Ukweli ni kazi ya jaji. Mimi natafuta karatasi iliyotiwa sahihi kabla wenye kiwanda hawajala chakula cha jioni." Akageuza kiti chake. "Na shahidi aliyeona kwa macho ni mmoja. Bwana Pell, muulize. Mwambie yale aliyomnong'oneza mchumba wake hayana sahihi, kwa hiyo hayapo. Atakayosema sasa ndiyo yatakayokuwepo. Akishasema, anakwenda nyumbani."

Pell akauliza.

Chumba kizima kikamgeukia Ondrej Kubala. Alikuwa amefunguliwa mkono mmoja. Alimtazama Matej, ambaye machozi yalikuwa yanamchimbia mifereji kwenye unga wa mashavu. Kijana akaunganisha viganja, akamwomba bila sauti.

Kisha akamtazama Zuzana.

"Ondrej," alisema Zuzana, "sema ulichokiona. Sikuombi kingine. Sema tu ulichokiona."

"Niliona glasi mbili, Zuzka."

"Ondrej..."

"Niliziona vizuri. Macho yangu yalikuwa wazi. Kapteni mwenyewe kasema."

Akamwashiria karani asogee. Pell akasogea, akainama, na Ondrej akamnong'oneza sikioni. Hayakuwa mengi. Pell akanyooka, uso wake umebadilika rangi, akamtazama Kapteni kana kwamba anataka kuuliza jambo. Hakuuliza. Akaandika jina. Ondrej, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, akashika kalamu ya wino kwa ngumi, akachora msalaba wake chini yake, akaukandamiza hadi wino ukaruka.

Kapteni Thackrey akaipuliza karatasi ikauke. Akaisoma. Nyusi zake zikapanda kidogo, zikashuka.

"Mfungue mwenzetu huyu," alimwambia Boyle. "Aende akaoge."

Boyle akamfungua Ondrej. Kisha akachukua pingu msumarini, akampita Matej kama mtu anavyoupita mlango usio wake.

Zuzana alisikia chuma kikigusa kifundo cha mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto. Alimwona Ondrej akipanda ngazi kwa kushikilia ukuta, hatua moja, hatua nyingine, bila kugeuka. Alisikia Pell akifungua daftari jipya.

"Tuanze na jina lako, mama," alisema Kapteni, "kana kwamba hatujuani."

Boyle akamshika mabega, akamkalisha mbele ya jiko. Kiti kilikuwa bado cha moto.